Bei ya Mwisho



Mwezi uliopita niliuza friji yangu kwa ndugu mmoja wa hapa kanisani. Nilimwambia, "Haki ya Mungu, 18,000 ndiyo bei ya mwisho." Akalipa bila kubishana. Ukweli ni kwamba hata 15,000 ningechukua na kushukuru.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nasoma habari za Wakweka, hawa tunaowajua hapa Kenya kama Kanisa la Friends. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Hatukubaliani nao kwa kila jambo. Wao kwa desturi hawabatizi kwa maji. Lakini kuna jambo lao moja lilinichoma.

Walianza Uingereza, miaka ya 1650, wakiongozwa na George Fox. Walikataa kuapa hata mahakamani, wakishika mafundisho ya Yesu katika Mathayo 5:33-37, na wengi walitupwa jela kwa sababu hiyo. Hoja yao ni rahisi: kama lazima uape ndipo useme kweli, siku zile hujaapa huwa unasema nini? Hoja hiyo wakaiingiza mpaka dukani. Mfanyabiashara Mkweka alitaja bei moja tu, basi. Mwanzoni wateja waliwakimbia. Baadaye wakarudi kwa wingi, maana hata mtoto ungemtuma kwao na asipunjwe.

Najua mtu atasema, "Pasta, si wewe ulisomea biashara? Hiyo ni lugha ya soko, kila mtu anaielewa." Nakubali nusu. Kusema "naanzia 18,000, tuongee" si dhambi. Lakini kusema "ya mwisho" na si ya mwisho, huo ni uongo. Kumwita Mungu awe shahidi wake ni mbaya zaidi.

Tena angalia ni nani anaumia. Anayejua mchezo atabishana mpaka ashushiwe. Anayekuamini ndiye analipa zaidi. Kwa hivyo zile 3,000 sikuzipata kwa ujuzi wa biashara. Nilimtoza ndugu yangu kwa kuniamini.

Nilimpigia simu, nikaomba msamaha na kumrudishia pesa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, mimi sikubishana kwa sababu ni wewe." Pesa nilikuwa nimerudisha, lakini hayo maneno bado ninayo.

Mpendwa, wiki hii tujaribu pamoja. Ukisema "niko njiani," uwe umeshatoka nyumbani. Ukisema "nitakuombea," omba. Ukisema "bei ya mwisho," iwe ya mwisho. Na ile "haki ya Mungu" tuiache. Mtu aliyeokoka, neno lake litoshe.

Mungu awabariki.