Amri ya Nane na Sauti ya Mtoto

Tuseme mwalimu wa Murusagamba, wilayani Ngara, au wa Nyakahura kule Biharamulo, ameketi na mtoto wa darasa la pili chini ya mwembe. Mkononi ana simu yenye programu ya kurekodi sauti, ili mashine zijifunze kusikia Kiswahili cha watoto wetu. Mtoto asoma sentensi tatu. Kisha programu yauliza: me au ke? Watoto arobaini wangali wanangoja zamu. Mwalimu abonyeza jibu lililo karibu na kidole, amwita mwingine.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Sisi hatulioni hivyo. Imani yetu yafundisha kwamba Mungu aliwaumba mwanamume na mwanamke. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuandika jinsia ya mtu kama apigaye ramli. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, wala haikutenga uongo wa ulimi na uongo wa kidole.

Tena kwetu ni rahisi kukosea. Kiswahili chasema "yeye" kwa wote, na Kihangaza vivyo hivyo. Sauti za wavulana na wasichana wasiobalehe hazipishani sana, kwa kuwa koo la mvulana hubadilika baadaye. Mashine itakayoamua jinsia kwa kusikiliza tu, nayo yapiga ramli.

Je, swali lifutwe? Mwenye kutaka hivyo aweza kutuonyesha kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Yaagiza kuandika katika kitabu cha ubatizo majina, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe, jinsia haikutajwa. (Kilatini cha vitabu vya zamani, kikisema filius au filia, kilikuwa kimekwisha kujibu.) Lakini tukumbuke mwisho wa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 wa Rwanda walipovuka Rusumo na kuingia Ngara. Kwa watoto waliopotezana na wazazi wao, kuandikwa mvulana au msichana kulimsaidia mama kumtambua wake. Na leo, wasichana wasipoandikwa, nani atajua kama mashine yawaelewa wavulana na kuwakosea wao?

Kuuliza, basi, kwaweza kuwa haki, muulizaji akiwa na sababu awezayo kumweleza mama wa mtoto. Mtengenezaji wa programu asitangulize "me" kama jibu lililokwisha kujazwa. Aiache nafasi tupu, aongeze na jibu la "haikuandikwa", ambalo ni la kweli. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za Kiswahili pia, huliachia swali hili hiari ya msomaji.

Kwa mtoto, hiari hiyo ni ya mzazi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahesabu habari za watoto kuwa nyeti. Hata hivyo twawajua wazazi wetu: karatasi ikitoka shuleni hutiwa sahihi kabla haijasomwa, kwa kuwa mwalimu huaminiwa. Basi mwalimu aisome kwa sauti, kwa Kihangaza, Kishubi au lugha yoyote ya nyumbani, aeleze sauti yaenda wapi na kwa nini jinsia yaulizwa. Mzazi akikubali sauti na kukataa swali, mtoto asirudishwe nyuma ya mstari. Asome sentensi zake tatu kama wenzake, na nafasi ile ibaki tupu.