Mbona Hakuulizwa?



Zamani, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa Kiingereza alitusomesha tamthilia iitwayo Othello, ya Mwingereza William Shakespeare. Ilichezwa katika jumba la mfalme huko London mwezi Novemba 1604, nayo ingali ikichezwa mpaka leo. Nilipokuwa mwalimu niliisoma tena na wanafunzi wangu, na kila mara darasa liligawanyika juu ya swali moja: Ni nani aliyemwua Desdemona? Je, ni mumewe aliyemziba pumzi, au ni mfitini aliyemjaza mumewe maneno? Nimestaafu sasa, lakini swali hilo halijastaafu. Limo katika nyumba zetu, katika kazi zetu, na hata katika vikundi vyetu vya kanisa.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Othello ni mtu mweusi, jemadari hodari anayeitumikia dola ya Venice. Amemwoa Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa mji, bila baba mtu kujua. Chini yake yuko askari aitwaye Iago, mshika bendera wake. Iago alitazamia kupandishwa cheo awe luteni, lakini cheo kile akapewa Cassio. Basi Iago akaweka nia ya kulipiza kisasi. Walipokuwa katika kisiwa cha Kipro, kile alikotoka Barnaba wa Matendo ya Mitume, Iago alimlewesha Cassio hata akapigana na kuvuliwa cheo. Kisha akamshauri amwendee Desdemona ili amwombee kwa mumewe. Desdemona, kwa wema wake, akamwombea. Hapo Iago akamnong'oneza Othello kwamba huruma ile ilikuwa na jambo ndani yake. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa leso ya mkononi, zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe. Desdemona aliiangusha, Emilia mke wa Iago akaiokota na kumpa mumewe, na Iago akaenda kuiacha chumbani kwa Cassio. Kwa sababu ya leso hiyo mwanamke asiye na hatia aliuawa kitandani mwake.

Lugha yetu inatusaidia hapa, kwa maana inatenga husuda na wivu. Hasidi huumia kwa kile alicho nacho mwenzake; mwenye wivu huogopa kupoteza kile alicho nacho mwenyewe. Iago ni hasidi, Othello ni mwenye wivu. Hadithi hii Shakespeare aliitoa kwa Mwitalia Giraldi Cinthio, aliyeichapisha mwaka 1565. Katika hadithi ile ya kwanza mshika bendera alimtamani mke wa jemadari, naye akakataliwa. Shakespeare aliififisha sababu hiyo. Iago wake anataja sababu hii, kesho ile, na mwisho anapoulizwa kwa nini alitenda vile, anakataa kufungua kinywa. Nadhani mtunzi alijua kwamba mfitini hana sababu inayolingana na madhara anayoyafanya. Na wakati wote huo Othello humwita mtu mwaminifu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baadhi ya wanafunzi wangu waliudhika. Walisema Mzungu huyu amemchora mtu mweusi kuwa ni mkali kwa kuzaliwa. Niliwaomba wasome tena. Mwanzoni mwa mchezo Othello ndiye mtulivu kuliko wote. Wanapomjia na panga usiku, yeye ndiye anayewatuliza. Lakini Iago alijua mahali penye kidonda. Alimkumbusha kwamba yeye ni mgeni, kwamba hawajui wanawake wa Venice, kwamba mwanamke aliyemdanganya baba yake aweza kumdanganya na mume. Ndivyo afanyavyo mfitini popote: hutafuta shaka uliyo nayo tayari juu yako mwenyewe, akaipalilia.

Siku moja msichana aliyekaa nyuma ya darasa, asiyekuwa na mazoea ya kusema, aliinua mkono. Akauliza, "Mwalimu, mbona yule mama hakuulizwa?" Nilitaka kumjibu upesi kwamba aliulizwa. Kisha nikakifungua kitabu na kukifuatilia upya.

Mwanzoni mwa mchezo, Othello mwenyewe ndiye mshtakiwa. Baba yake Desdemona anamshtaki mbele ya Mtawala wa Venice kwamba amemroga binti yake. Othello haoni haja ya kufoka. Anaomba jambo moja: binti aitwe, aseme mwenyewe mbele ya baba yake. Anaitwa, anasema, na mashtaka yanaanguka pale pale. Basi, haki ile ile iliyomwokoa Othello ndiyo aliyomnyima mkewe.

Ni kweli kwamba baadaye alimwuliza, lakini tazameni utaratibu wake. Katika onyesho moja tu, la tatu katika sehemu ya tatu, anaingia akimpenda mkewe na kutoka ameapa kuua. Maswali yalikuja baada ya hukumu. Alimwuliza habari za leso, bila kumwambia ameshtakiwa kwa nini. Naye kwa hofu akasema haikupotea. Alimwuliza Emilia, na Emilia akaapa kwamba bibi yake ni msafi. Akamhesabu kuwa mwongo. Alimwita mkewe kahaba, bila kumtajia mwanamume anayedhaniwa. Jina la Cassio lilitoka kinywani mwake mbele ya mkewe kama mashtaka usiku ule wa kifo. Hapo Desdemona akaomba jambo lile lile aliloomba Othello mbele ya Mtawala: huyo mtu aitwe, aulizwe. Lakini Othello alikwisha kuamini kwamba Cassio ameuawa.

Sasa niungame langu. Katika miaka ya 1990 nilikuwa makamu wa mkuu wa shule, katika shule moja ya bweni. Magunia sita ya mahindi hayakuonekana ghalani. Mwalimu mwenzangu, niliyemwamini sana, alinijia faraghani akanigusia habari za kijana mmoja, mwalimu mgeni aliyesimamia stoo. Hakusema ameiba. Alisema tu, "Mimi sijui, lakini mwangalie." Tangu siku ile kila alichofanya kijana yule kilikuwa ushahidi kwangu. Aliponunua viatu vipya, nilisema moyoni, hayo ndiyo mahindi. Aliponyamaza katika kikao, nilisema, dhamiri inamsuta. Niliandika taarifa, akahamishwa kwenda mbali, na maneno yakamtangulia huko alikokwenda. Mwaka uliofuata, tulipohesabu mali, tukaikuta hati: magunia yale yaliazimwa shule ya jirani kwa idhini ya mkuu wa shule aliyetangulia. Hakuna aliyeiba. Niliandika barua ya kusahihisha, lakini kijana alikuwa amekwisha acha kazi.

Na muhula ule ule, wasomaji wangu, nilikuwa nikifundisha Othello.

Miaka mingi baadaye tulikutana msibani. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kama zamani. Tulipokuwa tumekaa akaniambia bila hasira, "Mwalimu, stoo ilikuwa hatua ishirini kutoka ofisini kwako. Mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe. Lakini ualimu, kazi aliyoipenda, hakuurudia tena.

Huenda mtu akasema, "Kumwuliza mshtakiwa kuna faida gani? Mwizi hatakubali, wala mzinzi hatakiri." Ni kweli, mshtakiwa aweza kusema uongo. Lakini mshtaki naye ana ulimi. Kwa nini kinywa kimoja tukipe imani yote, na kingine tukifunge? Tena wako wanaojitetea kwa methali, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mimi naiogopa methali hiyo inapotumiwa kumhukumu mtu. Lililosemwa juu ya Desdemona halikuwapo, wala halikuwa linakuja. Lililokuja ni mauti.

Kwa hiyo kuuliza kwa haki kuna masharti yake. Kwanza, uulize kabla hujaamua. Ukiuliza baada ya kuamua, unatafuta tu namna ya kuadhibu. Pili, umwulize mwenyewe, wala si jirani yake. Tatu, umwambie waziwazi anashtakiwa kwa jambo gani, ili aweze kujibu. Na anayekuja na neno la siri, tumwombe alirudie mbele ya huyo anayemsema. Wengi hawatarudi.

Basi, nani aliyemwua Desdemona? Zamani niliwajibu wanafunzi kwamba ni Iago, kisha nikaendelea na somo. Siku hizi siwezi kujibu hivyo. Iago atatoa hesabu ya ulimi wake, na Othello ya masikio yake na mikono yake. Hata Emilia, aliyeitoa leso bila kusema na kunyamaza ilipotafutwa, ana sehemu yake, ingawa mwisho aliisema kweli, na mumewe akamwua kwa ajili hiyo. Aliyedanganywa anastahili kuhurumiwa. Lakini kudanganywa hakumwondolei mtu wajibu wa kuuliza pale alipokuwa na nafasi.

Katika Injili ya Yohana tunamsoma Nikodemo akiwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Na mwanzoni kabisa, pale bustanini, Mungu ajuaye yote alimwita Adamu na kumwuliza kabla ya kutamka hukumu. Ikiwa yeye asiyehitaji kuambiwa neno aliuliza, sisi tusiojua yaliyomo moyoni mwa mtu tunaharakia wapi?

Labda mwezi huu limekufikia neno juu ya mkeo, au mumeo, au mwenzako kazini, au mweka hazina wa kikundi chenu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Usilale nalo. Nenda ukamwulize mwenyewe, angali yupo wa kukujibu.