Ajali na Dhima ya Waliongoja

Tumeletewa suali katika darasa letu: Mke alishikwa na uchungu usiku, akazaa salama, kisha damu isikome. Mkunga akasema, "Mpelekeni hospitali sasa hivi." Mume yu safarini, na jamaa wakasema hatoki mtu mpaka mwenyewe apatikane kwa simu atoe idhini. Kabla ya alfajiri mke alikufa. Je, jamaa hao wana dhambi, au ni ajali yake tu imefika?

Jawabu: Ajali imefika, na hilo halina shaka kwa Muislamu. Lakini kufika kwa ajali hakumwondolei mtu dhima yake. Lau ingekuwa hivyo, muuaji naye angesimama mbele ya kadhi akasema kuwa siku za marehemu zilikuwa zimekwisha, akaachiliwa aende zake. Saiyidina Umar bin al-Khattab (r.a.) alipofika Sargh akapata habari ya tauni iliyokuwa Sham, aliwarejesha watu wake, na alipoulizwa vipi aikimbie kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari Yake kwenda katika kadari Yake nyingine. Hospitali nayo ni kadari, na gari la kumpeleka mgonjwa ni kadari. Ama idhini ya mume, haingojwi roho inapotoka.

Watu wetu hujiliwaza kwa Hadithi isemayo kuwa mwanamke afaye kwa uzazi yumo katika mashahidi. Ni kweli, nasi twamwombea daraja hiyo. Lakini bishara hiyo ni yake yeye. Si hati ya kuwasamehe waliomwacha afe.

Na yafaa wanaume wajue ni muda gani wanaouchezea. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi duniani kuliko sababu nyingine yoyote, na mwanamke mzima wa afya huweza kufa kwa saa mbili tu. Mwaka 2023 ilitolewa natija ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, juu ya wanawake zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizofuata njia mpya, wakunga hawakukisia damu kwa macho, kwani macho hudanganya. Waliikinga katika mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo uliotandikwa chini ya mzazi. Ikifika nusu lita, hawakujaribu dawa moja wakangoja: walilikanda tumbo la uzazi, wakampa dawa ya kulikaza na dawa ya kuzuia damu, wakamtia maji mshipani, na wakatafuta itokako damu, yote kwa pamoja. Wanawake waliopatwa na hatari kubwa walipungua kwa sehemu 60 katika 100. Hayo yote hayamo katika mkoba wa mkunga wa mtaani, naye hatumlaumu. Usiku ule yeye peke yake ndiye aliyesema la haki.

Wako watakaosema: huko ataonwa na daktari mwanamume. Twasema, atafutwe mwanamke kwanza. Asipopatikana, dharura huhalalisha, na wanavyuoni wetu wamelieleza hilo zamani. Lakini mwenye kulalamika hivyo huku amemtoa binti yake skuli kabla hajamaliza, alidhani huyo mkunga wa kike aliyesomea atatoka katika nyumba ya nani?

Ama kitoto kilichozaliwa, Qurani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Basi na kitiwe ziwa katika saa ya kwanza, wala maziwa yale ya mwanzo ya manjano yasikamuliwe yakamwagwa, kwani ndiyo kinga yake. Kwa miezi sita kisipewe kingine, hata maji. Asali ina ponyo, nasi twaliamini hilo. Lakini madaktari wameikataza kwa mtoto asiyetimiza mwaka, kwa kuwa huenda ikawa na vijidudu vinavyomlegeza viungo hata pumzi ikamshinda. Kitovu kisipakwe samli wala masizi.

Na dalili zisingojwe hata siku ya kuzaa. Mja mzito akiumwa sana na kichwa, macho yakaona kiza, uso ukavimba, huenda kifafa cha mimba kiko njiani. Asipelekwe kwa mtu wa kumpunga pepo. Damu ikimtoka kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, ni siku ile ile hospitali. Mume na aweke nauli mapema, ajue ni gari la nani litakaloitwa usiku, na amwambie mkewe mbele ya mama yake na ya ndugu zake: "Ukiambiwa nenda, nenda, usiningoje."

Mwenye kutuletea suali hili ni mmoja wa wale waliongoja, naye alilia mbele yetu. Tumemwambia kuwa mlango wa toba u wazi, na kwamba kijukuu kilichobaki kina haki zake kwake. Nyumbani mwake kuna mkaza mwana mwingine mwenye mimba ya miezi sita, ambaye bado hajapelekwa kupimwa. Tumemtaka ampeleke kesho asubuhi.