Taa Ikigoma, Aulizwe Nani?

Taa ya plasma ni pambo la sebuleni: tufe la kioo juu ya kitako cha plastiki, na ndani yake nyuzi za mwanga wa zambarau zinazocheza bila kutulia. Ukigusa kioo, uzi mmoja hukifuata kidole. Nikola Tesla alifanya majaribio ya taa za aina hii miaka ya 1890, na umbo linalouzwa leo linatokana na kazi ya Mmarekani Bill Parker, miaka ya 1970.

Chukua taa kama hiyo katika nyumba moja ya Bilele, mjini Bukoba. Usiku mvua ya ziwani imepiga, umeme umekatika na kurudi. Asubuhi taa haiwaki.

Fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Huchomeka kitu kingine kwenye soketi kuona kama umeme upo. Kisha hupima adapta kwa mita: imeandikwa volti 12, je, 12 zinatoka? Zikitoka, taa huchomolewa, huachwa mpaka kapasita ziishiwe chaji, ndipo kitako kifunguliwe. Kapasita iliyovimba kichwa, transista yenye doa jeusi, harufu ya waya ulioungua kwenye transfoma ndogo inayopandisha volti hadi maelfu: kila ugonjwa una alama yake. Mwisho hukaguliwa tufe lenyewe. Ndani mna gesi kama neoni na agoni, na ufa usioonekana kwa urahisi ukiingiza hewa ya nje, hakuna bodi mpya itakayoiponya.

Kazi yote hiyo inategemea jambo ambalo fundi halitamki: kwamba kila tukio lina sababu, na sababu hutafutwa ikapatikana. Je, jambo hilo linagongana na imani ya kwamba yote hutoka kwa Mungu?

Swali hili ni la kale. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa moto na pamba. Macho huona pamba ikiungua pale moto ulipo, alisema, lakini hayaoni moto ukiunguza. Anayeunguza ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimpinga vikali: anayekataa sababu ameikataa akili, maana kujua kitu ni kujua kilichokisababisha.

Wengi huwasoma wanazuoni hao kama mahasimu na kulazimika kuchagua mmoja. Lakini hata al-Ghazali hakuwahi kumruhusu mtu aache kupima. Kwake, Mungu ana desturi thabiti katika viumbe vyake, na kwa desturi hiyo adapta iliyoungua haitoi volti 12, leo wala kesho. Mfuasi wake na mfuasi wa Ibn Rushd watashika mita ileile.

Linabaki swali la pili, ambalo mita hailijibu: kwa nini taa hii, na ya jirani inawaka? Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alilikuta kwa Waazande, watu wa Afrika ya Kati, na kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937. Ghala likianguka, walijua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke saa ile, na watu wale wakiwa chini yake. Ni swali halali, na aliyefiwa ana haki ya kuliuliza. Hatari huanza linapojibiwa kwa jina la mtu.

Na Kagera, mkoa wa Bukoba, hatari hiyo si ya taa tu. Uzi wa mwanga tufeni na radi angani ni kitu kimoja kwa asili: gesi iliyopitiwa na umeme. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria, mawingu hurundikana, na Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Wahaya wa zamani walimheshimu Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba zake, kwa kuwa waliijua nguvu hiyo. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Uganda. Baadaye shule hiyo ilifungwa kinga ya radi. Kwingineko Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wameuawa kwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa jikoni. Hapo sababu ilikuwa mbele ya kila mtu, na hakuna aliyeitazama.

Mapadri, wachungaji na masheikh wa Bukoba na Muleba wanasikilizwa kuliko fundi yeyote. Waseme wazi, kabla mvua za vuli hazijaanza, kwamba kufunga kinga ya radi kwenye paa la shule si kumkosea Mungu imani, na kwamba radi ikipiga asitajwe jirani.