Ruhusa Bila Viatu

Kuna umri ambapo msichana wa skauti huacha kupewa kamba, akaanza kupewa bendera. Akiwa na miaka 10 anafunga mafundo, anapanda miti, analala kwenye hema na wenzake, na hakuna anayeshtuka. Akifika 16, mambo yanabadilika polepole. Wavulana wa kikosi kilekile wanapangiwa safari ya mlimani. Yeye anapangiwa gwaride la sikukuu, kupokea wageni wa heshima na kusimamia sufuria ya wali kambini. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni kwa usalama wake.

Nimekuwa msaidizi wa kiongozi wa kikosi kimoja hapa Eastlands kwa miaka minne, na jibu hilo nimelisikia hadi nimelizoea. Siliiti uongo. Mara nyingi anayelitoa ni mtu anayempenda huyo msichana kwa dhati. Ila kuna swali haliniachi: kumnyima mtu hatari ni sawa na kumlinda?

Hebu tuangalie. Msichana wa miaka 17 anayebaki mtaani wakati wenzake wako Longonot hajaondolewa hatarini. Anatoka tuisheni saa mbili usiku, anapigania matatu. Anajua kichochoro cha kukwepa stima zikipotea. Anajua jamaa wa boda ambaye lazima amwite kila akipita. Kwa hatari hizo zote hatujawahi kuomba barua ya mzazi. Na zinamfundisha nini? Kuinamisha kichwa na kutembea haraka, basi.

Mlima nao una hatari, lakini hatari yake inasomeka. Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, unalala kwanza Old Moses, karibu mita 3,300, kisha Shipton's, karibu mita 4,200. Halafu unaamka usiku wa manane ili ufike Point Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Huko juu hewa ni nyepesi. Kichwa kikianza kuuma na tumbo likikataa chakula, mwili unakupa habari. Hali ikizidi, dawa ni kushuka. Hata kama ulilipa. Hata kama kilele unakiona.

Sasa fikiria msichana aliyejifunza kusema “mimi nashuka” mbele ya wenzake kumi wanaotaka kuendelea. Semina ngapi za maadili zinaweza kumpa hiyo? Sentensi hiyohiyo ataihitaji siku moja ndani ya gari la mtu, au kwenye pati ambapo kila mtu anamwambia atulie, au kwenye kazi ambapo bosi ameanza kumzoea vibaya. Mimi nashuka hapa. Ni maneno ya kila siku kwenye matatu, lakini kuyatoa ukiwa peke yako kunahitaji mazoezi.

Na wasichana hawajaanza jana kuyataka mazoezi hayo. Mwaka 1909 Baden-Powell alipowakusanya maskauti wavulana pale Crystal Palace, London, wasichana walijitokeza na sare walizojitafutia, wakasema na wao ni maskauti. Hakuna aliyekuwa amewaalika. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao cha Girl Guides, dada yake Agnes akakiongoza. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, upande wa Mlima Kenya. Nimewahi kuwapeleka wasichana wetu kuliona kaburi lake. Tuliimba, tukaupiga mlima picha, tukapanda basi kurudi Nairobi.

Mwaka jana nilipopeleka barua za safari kwa wazazi, mama mmoja aliniketisha. “Mwalimu,” akasema, “huyu akivunjika mguu, wewe utarudi kwenu. Mimi ndiye nitakayelala naye hospitalini.” Sikuwa na la kubisha, maana ni kweli tupu. Kisha akaanza kuuliza. Ni mwanamke gani anaenda nao, na amewahi kupanda? Watalala wapi, na wavulana watalala wapi? Akianza hedhi huko juu? Akizidiwa, nani anamteremsha, na nani analipa?

Tangu siku hiyo nimeacha kuwaita wazazi waoga. “Hapana” ya yule mama ilikuwa orodha ya maswali ambayo hakuna aliyejisumbua kuyajibu.

Ndiyo maana hainitoshi tena kusikia kwamba wasichana wanaruhusiwa. Kwani nani amewakataza? Ruhusa haimgharimu chochote anayeitoa. Lakini mlimani huendi na ruhusa, unaenda na viatu. Mvulana ataazima vya kaka yake au vya binamu aliyepanda mwaka juzi. Msichana ambaye hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kupanda ataazima vya nani? Kuunga mkono ni bajeti yenye viatu vya saizi yake, hata kama ni vya Gikomba. Ni begi la kulalia lisilopitisha baridi, pedi za kutosha, na mfuko wa kuteremshia taka. Ni kiongozi mwanamke aliyefundishwa huduma ya kwanza na anayeijua njia. Ni zamu ya kupika ambayo wavulana hawaikwepi.

Na tukishafanya yote hayo, bado mtu anaweza kuteleza. Hapo ndipo nadhani haki inapimwa. Mvulana akivunjika mkono, anarudi na hadithi, na wenzake wanaandika majina kwenye plasta. Msichana akivunjika mkono, unakuwa ushahidi: si tulisema? Safari za wasichana wote waliobaki zinafutwa. Mmoja ameruhusiwa kupata ajali, mwingine lazima asikosee kwa niaba ya wenzake wote. Usawa ninaoutaka mimi unajumuisha hata hilo, kwamba ajali ya msichana ihesabiwe kuwa ajali tu, ichunguzwe, itibiwe, na safari inayofuata ipangwe vizuri zaidi.

Agosti hii tunaanza na Longonot, mita 2,776, kwenda na kurudi siku moja. Barua ya safari hii ina ukurasa wa pili. Ina jina la mwanamke atakayewaongoza, namba yake ya simu, mpango wa kumteremsha atakayezidiwa, na gharama tulizokwisha kulipa. Yule mama ameisoma mara mbili. Bado hajasaini. Amezungushia kalamu mstari mmoja na anataka nimweleze kwanza kuhusu gari la kurudi. Kesho naenda kwake tukae, maana swali lake ni zuri.