Kweli Ndani ya Mwongozo

Je, mtu aweza kudanganya kwa maneno ambayo kila moja ni kweli? Swali hili ni la kale, na aghalabu hujadiliwa katika habari za mashahidi, wachuuzi na watawala. Siku hizi limeingia mahali ambapo wachache wangelitafuta, yaani katika kurasa kavu za miongozo ya programu za kompyuta. Kurasa hizo hazisomwi kwa starehe. Husomwa na mtu mwenye haja, mara nyingi usiku, chombo kikiwa kimemshinda. Naye huamini akisomacho kwa kuwa hana mwingine wa kumwuliza.

Mfano mwema ni programu zipimazo mawasiliano na rejista za majina ya mtandao. Kwa miaka mingi tangu 1982, habari za waliosajiliwa ziliulizwa kwa itifaki iitwayo WHOIS. Itifaki hiyo haikuweka umbo la jibu. Kila rejista ilijibu kwa mtindo wake, na msomaji aliachwa abashiri. Machi 2015 ikachapishwa itifaki nyingine, RDAP, ambayo majibu yake hupangwa katika umbo moja linaloweza kukaguliwa na mashine. Maadamu jibu lina umbo, laweza kupimwa. Na maadamu lapimwa, hapana budi pawe na mwongozo wa kueleza kipimo chenyewe.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Mwandishi wa mwongozo huandika kwamba programu yake "huthibitisha majibu ya rejista." Akiulizwa, atajibu kwa haki kwamba seva iliitika, kwamba jibu lilikuja katika aina iliyotakiwa, na kwamba sehemu zake zimepangwa kama kanuni zisemavyo. Hayo yote ni kweli. Lakini jibu lililopangwa vizuri laweza kubeba jina la mtu ambaye hakuzaliwa kamwe. Msomaji aliposikia "huthibitisha" alidhani kilichothibitishwa ni habari, kumbe ni chombo kilichoibeba. Ni kama karani wa bandari aliyekagua kufuli la kasha, akaandika kuwa shehena ni salama. Mwandishi aweza kujitetea kwamba msomaji angepaswa kujua tofauti hiyo. Utetezi huo ni dhaifu, maana lau msomaji angejua asingeufungua mwongozo.

Jambo lililo zito zaidi ni namna ya kueleza kukosekana kwa habari. Katika RDAP, rejista isiyo na kumbukumbu inayolingana na swali hujibu kwa namba 404. Watu wengi wameizoea namba hiyo kama alama ya hitilafu, hapa si hitilafu hata kidogo, bali ni rejista inayosema kwa unyofu, "Sina." Rejista iliyoulizwa maswali mengi mno kwa muda mfupi yaweza kujibu 429, maana yake, "Umezidi, ngoja." Tena yaweza kutokea kwamba hakuna jibu lolote lililofika, kwa kuwa njia imekatika. Haya ni mambo matatu mbalimbali, kama shahidi asemaye hakuona kitu, shahidi anayekataa kusema kwa sasa, na shahidi ambaye hakufika barazani. Programu inayoyakusanya yote chini ya neno "imeshindwa," na mwongozo unaoliacha neno hilo bila kulifafanua, vimemnyima msomaji haki yake. Fikiria mpelelezi anayemtafuta mwenye tovuti iliyowaibia wajane akiba zao. Akisoma "imeshindwa" akaelewa "hakuna," ataacha msako, na kumbe rejista ilikuwa imechoshwa tu na maswali.

Waswahili wasemao kwamba kimya kina mshindo hawakuwa na mitambo akilini, lakini msemo wao unafaa hapa. Baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda habari za watu kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, majina mengi ya waliosajiliwa yalifichwa. Machi 2024 ikatolewa kanuni ya kuiwezesha rejista kutaja, ndani ya jibu lenyewe, ni sehemu zipi zimeondolewa. Tofauti yake na kuacha pengo tupu ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiufundi, kwa kuwa afichaye na kutangaza kuwa amaficha hakumdanganya mtu. Mwongozo usioeleza jinsi programu inavyoonyesha tangazo hilo huifanya siri halali ifanane na uzembe.

Yako pia maneno ya wajibu. Waraka wa mwaka 1997 uliotungwa na Scott Bradner uliweka madaraja ya maneno ya Kiingereza yatumikayo katika kanuni hizi, na mwaka 2017 ikafafanuliwa kwamba hubeba uzito huo maalumu yaandikwapo kwa herufi kubwa tu. Daraja la kwanza ni lazima isiyo na mwanya. La pili ni wajibu ambao mtu aweza kuuacha akiwa na sababu njema, baada ya kupima matokeo yake. Daraja hili la pili humsumbua mfasiri wa Kiswahili: akiandika "yapasa," wengi watasikia lazima; akiandika "inafaa," watasikia ushauri mwepesi. Afadhali aandike sentensi nzima kuliko kutegemea neno moja.

Basi mkaguzi wa mwongozo na afanye jaribio dogo. Ampe msomaji mgeni mwongozo na programu, kisha akate mtandao kwa siri, na mwandishi aketi kando bila ruhusa ya kunena. Msomaji atasoma ujumbe utakaotokea, atarudi kitabuni, kisha ataandika kwenye karatasi alichokielewa. Mwandishi atatamani sana kumkatiza na kumweleza. Maneno hayo yanayomwasha ulimini ndiyo yaliyokosekana katika ukurasa. Na ikiwa karatasi ya msomaji inasema, "Jina hili halijasajiliwa," mwongozo urudishwe kwa mwandishi siku hiyo hiyo, hata kama hakuna sentensi moja ndani yake iliyo ya uongo.