Kiwanja na Karakana

Katika shule ya ufundi, saa ya mazoezi ya viungo hudharauliwa kwa urahisi. Kijana amekuja kujifunza useremala, uashi au umeme; mpira, yasemwa, utamtoa jasho lakini hautampa kazi. Hoja hii ina nguvu, maana muda wa mafunzo ni mfupi. Lakini fundi si mikono peke yake. Mikono ikiwa hodari na moyo ukiwa dhaifu, kazi huharibika.

Wapo wajibuo kuwa mchezo wenyewe hufunza tabia njema. Jibu hili nalo ni jepesi mno. Mchezo huweza kufunza hila kama uwezavyo kufunza haki. Mchezaji ajiangushaye ili amdanganye mwamuzi, kisha akasifiwa na mwalimu wake, amepata somo, na atalichukua mpaka karakana: atafunika ufa kwa rangi, na atapunguza saruji katika msingi, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki.

Basi swali si kama wanafunzi wacheze, bali ni tabia gani isifiwe wachezapo. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, na watazamaji wengi wamekwenda zao. Hakuna tuzo iliyomngoja. Alimaliza kwa kuwa mbio zake zilikuwa hazijakwisha. Sifa hiyo ndiyo ya mwashi anyooshaye msingi utakaofukiwa.

Mwalimu amsifuye mfungaji wa mabao tu, akawaacha wanyonge kivulini, hulea washindi wachache na watazamaji wengi. Lakini awaachapo wanafunzi waamue makosa yao wenyewe bila kipenga, na amsifupo yule akiriye kuwa mpira ulimgusa mkono, hufundisha kusema kweli. Wahenga walinena: asiyekubali kushindwa si mshindani. Vivyo hivyo, asiyekubali kuwa amekosea kipimo si fundi.

Kiwanjani kosa hugharimu bao. Kazini huweza kugharimu paa na walio chini yake. Heri kijana ajifunze kukiri kosa pale ambapo bei yake ingali ndogo.